Tangu Lini?
Mtoto mgonjwa, degedege na imani katika historia ya Morogoro

Katika sura ya 9 ya Injili ya Marko, Yesu anashuka kutoka mlimani na kukuta watu wamekusanyika. Waandishi na wanafunzi wake wanabishana. Katikati yao yupo baba mmoja aliyemleta mwanawe, mtoto anayeanguka chini, anayetokwa povu mdomoni, anayesaga meno na kukakamaa mwili. Mara nyingi, baba anaeleza, hali hiyo imemwangusha motoni na majini. Sisi tunaosoma habari hii katika nyumba zetu za Morogoro hatuhitaji mtu wa kutueleza hali hiyo inafananaje. Tumeiona. Ikimjia mtoto mdogo pamoja na homa tunaiita degedege. Ikirudi tena na tena bila homa tunaiita kifafa.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo hupita haraka masikioni mwetu. Kabla ya kumponya mtoto, Yesu anamuuliza baba swali: hali hii imempata tangu lini? Baba anajibu kwamba ni tangu utoto. Swali hilo ndilo analoulizwa mama yeyote anapoketi mbele ya tabibu wa zahanati na mtoto wake mapajani. Watu wazima walikuwa wakibishana, lakini Bwana alitaka kwanza kujua habari za mtoto.

Katika makala haya tunafuata swali hilo katika historia ya mkoa wetu, kuanzia Milima ya Uluguru hadi bonde la Kilombero. Dawa mpya zimekuja, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini dawa peke yake haikuwaokoa watoto wa Morogoro. Walipona pale watu wazima walipoacha kubishana, wakamtazama mtoto, wakauliza, wakaondoka naye mapema.

Enzi za wamisionari

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1877 walianza misheni ya Mhonda, chini ya milima ya Nguru, na mwaka 1882 wakafika Morogoro, chini ya Uluguru. Baadaye imani ilipanda milimani hadi Matombo na Mgeta. Walikuja na Injili, na pia walikuja na miili isiyozoea homa za nchi hii. Wengi wao walikufa wakiwa vijana, na makaburi yao yapo Bagamoyo hadi leo.

Wakati ule hakuna aliyejua vizuri homa hiyo inatoka wapi. Daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, alikuwa amekiona kijidudu cha malaria ndani ya damu mwaka 1880, miaka miwili tu kabla ya mapadre kufika Morogoro. Ronald Ross alithibitisha kwamba mbu ndiye anayekibeba mwaka 1897. Kwa hiyo padre na bibi wa Kiluguru waliosimama pamoja kando ya mtoto anayetetemeka, mwaka 1885, walikuwa sawa katika jambo moja: wote wawili hawakujua chanzo. Bibi alikuwa na majani na mizizi aliyorithi kwa mama yake. Padre alikuwa na kwinini kidogo, na maji ya ubatizo.

Kanisa linafundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Kwa sababu hiyo makatekista, waliokaa vijijini mbali na padre, walifundishwa kuitambua saa ya hatari. Walipaswa kumwangalia mtoto na kuamua: je, anaweza kumngojea padre, au hawezi? Tunalitaja hili ili tukumbuke kwamba kumtambua mtoto aliye hatarini ni elimu ya zamani katika Kanisa letu. Kilichokuwa bado ni kujua, baada ya kumtambua na kumbatiza, kifanyike nini zaidi ili aishi.

Degedege na sindano

Wazee wetu wengi walihesabu homa na degedege kuwa magonjwa mawili yasiyohusiana. Homa ilikuwa ya mwili, na mtu aliweza kuipeleka hospitali. Degedege lilitoka nje ya mwili. Jina lenyewe linamkumbusha mtu dege, ndege mkubwa wa usiku ambaye kivuli chake kikimpitia mtoto aliyelala, mtoto hushtuka, macho hugeuka na viungo hukakamaa. Watafiti waliozungumza na kina mama wa Bagamoyo na wa Ifakara katika miaka ya 1990 waliyakuta mawazo hayo hayo. Degedege lilikuwa la mganga wa jadi kwanza. Mtoto aliogeshwa dawa za majani, au alifukizwa moshi, hata moshi wa kinyesi cha tembo. Na kulikuwa na onyo moja lililorudiwa kila mahali: mtoto mwenye degedege asichomwe sindano, maana atakufa.

Wazo hili tusilicheke. Halikutokana na ujinga. Lilitokana na mambo ambayo kina mama waliyaona kwa macho yao wenyewe. Fikirini mtoto aliyeanza homa Jumatatu. Jumanne anapata degedege, anapelekwa kwa mganga. Alhamisi amelegea, hajitambui, ndipo anabebwa hospitali. Kufikia hapo malaria imeshika ubongo, damu imepungua na sukari mwilini imekwisha. Anachomwa sindano ya kwinini, na usiku ule anakufa. Mama ameona sindano, kisha ameona kifo. Jirani yake naye ana mtoto aliyepata degedege kwa sababu ya homa ya kawaida. Anafukizwa, na baada ya dakika chache anatulia, kesho anacheza. Jirani ameona moshi, kisha ameona uzima. Kina mama hawa wawili wakikutana kisimani watasema nini?

Ukweli ni kwamba mara nyingi degedege la homa hukoma lenyewe baada ya dakika chache, pawepo moshi au pasiwepo. Lakini ugonjwa ulioleta homa haukomi. Kama ni malaria, unaendelea kula damu ya mtoto huku watu wazima wakidhani amepona. Kama mtu angeuliza homa imeanza lini, angeona kwamba yule aliyekufa baada ya sindano aliletwa siku ya nne, na kwamba kilichomuua kilikuwa kazini tangu Jumatatu.

Mtoto wa motoni

Kutoka Uluguru tuelekee kusini, tuvuke mto Kilombero na kupanda hadi Mahenge. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kijana mzaliwa wa Norwe, Louise Jilek-Aall, alikuta watu wengi wenye kifafa, wakiwemo watoto. Wengi walikuwa na makovu ya moto. Nyumba zilikuwa na moto wa kuni katikati, na mtoto akiangukia motoni watu waliogopa kumgusa, kwa kuwa iliaminika kwamba mate yake yataambukiza. Hivyo mtoto aliungua huku wanaompenda wakimtazama.

Katika misheni ya Kwiro alianzisha kliniki ya kifafa na kuwapa wagonjwa vidonge vya bei nafuu. Waliovitumia kila siku, wengi wao waliacha kuanguka au walianguka mara chache. Watu walipoona hayo, hofu ilianza kupungua. Mtu aliyetengwa alirudi kulima na kula na wenzake.

Sisi tunaosoma Marko sura ya 9 tunapaswa kuikumbuka Kwiro. Injili inasema pepo alimtupa mtoto yule motoni na majini. Wako wanaolichukua neno hilo kuwa sababu ya kumzuia mtoto asipelekwe kliniki, wakisema ugonjwa huu ni wa maombi tu. Lakini tazameni alivyofanya Yesu. Hakumwogopa mtoto. Alimshika mkono na kumwinua. Kwa yule anayeogopa mate ya mgonjwa wa kifafa, mkono huo ni mafundisho tosha.

Ifakara na chandarua

Ifakara ni mji wa bonde, wenye mpunga mwingi na mbu wengi. Wakapuchini na Masista wa Baldegg kutoka Uswisi walijenga huko huduma ya afya ambayo leo tunaijua kama Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Karibu nayo, katika miaka ya 1950, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Rudolf Geigy, alianzisha maabara ndogo ya utafiti. Maabara hiyo ilikua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Wataalamu wa Ifakara walishughulika na malaria ya watoto kwa miaka mingi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, walisambaza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu, vikiuzwa kwa bei ndogo kupitia maduka na watu wa vijijini wenyewe. Kisha wakahesabu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4 waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na uwezekano wa kuishi ulioongezeka kwa asilimia 27. Baadaye, kuanzia mwaka 2004, Serikali ilileta Hati Punguzo ili kila mama mjamzito apate chandarua kwa urahisi. Degedege ambalo zamani lilihesabiwa kuwa kazi ya ndege wa usiku lilipungua pale mdudu mdogo wa usiku alipozuiwa.

Morogoro Vijijini ilipohesabu watoto wake

Sura nyingine ya historia hii iliandikwa hapa hapa kwetu, katika vijiji vinavyouzunguka mlima. Kuanzia mwaka 1992, wahesabuji walianza kupita nyumba kwa nyumba katika sehemu ya Wilaya ya Morogoro Vijijini. Palipotokea msiba, baada ya muda walirudi kwa heshima na kuwauliza wafiwa: marehemu alianza kuugua lini? Alikuwa na homa? Alipumua kwa shida? Alipata degedege? Mlimpeleka wapi kwanza? Wengi wa marehemu hao walikuwa watoto ambao kifo chao hakikuandikwa popote, kwa kuwa walifia nyumbani.

Kisha Wizara ya Afya, kwa msaada wa shirika la utafiti la Kanada liitwalo IDRC, ilianza mradi katika wilaya mbili, Morogoro Vijijini na Rufiji, ikiwapa viongozi wa afya wa wilaya majibu hayo mikononi. Walishangaa. Malaria ilikuwa ikisababisha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, lakini mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Magonjwa ya watoto kwa pamoja, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na malaria, yalibeba asilimia 28 ya mzigo, na kupewa asilimia 13 ya fedha.

Wilaya zikabadilisha mipango yao. Fedha zilizoongezwa zilikuwa chini ya dola moja ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Zilitumika kununua dawa zilizohitajika, na kuwafundisha watumishi wa zahanati utaratibu mpya wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kumwangalia mtoto mgonjwa mzima mzima: asitibiwe homa tu huku nimonia ikiachwa, asipewe dawa ya kuhara huku hakuna aliyeuliza kama ananyonya. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sababu zilikuwa nyingi, na vyandarua vilikuwa mojawapo. Lakini watafiti walipolinganisha na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambako utaratibu huo ulikuwa haujaanza, waliona vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 pale ulipokuwa umeanza.

Waliofanya kazi hiyo hawakuwa na hospitali mpya kubwa wala mashine za ajabu. Tabibu yule yule, katika zahanati ile ile, alijifunza kuuliza maswali yote kwa kila mtoto, bila kuruka.

Maswali ya kuulizwa nyumbani

Maswali hayo si siri ya matabibu. Kila mzazi, kila bibi na kila kiongozi wa Jumuiya anaweza kuyajua.

Zipo dalili nne za hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Je, ameshindwa kunywa au kunyonya? Je, anatapika kila anachopewa? Je, amepata degedege katika ugonjwa huu? Je, amelegea mno au hajitambui? Jibu likiwa ndiyo kwa swali hata moja, mtoto aondoke nyumbani saa hiyo, iwe usiku au mchana.

Mtoto anayekohoa tumfunue kifua, tumwangalie akiwa ametulia, tuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 12 akifikisha 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, huyo anapumua haraka kupita kawaida na huenda ana nimonia. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, hali ni mbaya zaidi.

Mtoto anayehara apewe maji ya ORS mapema, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi au kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya na kula. Macho yakizama, au ngozi ya tumbo ikifinywa na kurudi polepole, apelekwe haraka. Viganja vyeupe ni ishara ya damu kupungua. Kichanga aliyeacha kunyonya, mwenye homa au mwenye mwili wa baridi, asingojewe hata kidogo.

Na degedege lenyewe? Mlaze mtoto ubavu, mbali na moto na vitu vigumu. Mlegeze nguo. Usimtie kitu chochote mdomoni, wala kijiko, wala dawa, wala maji. Tazama saa ili ujue limechukua muda gani. Kisha mpeleke kituoni hata kama limekoma, apimwe malaria na magonjwa mengine. Wazazi wanaoishi juu, Mgeta au Bunduki, ambako kuna baridi na mbu ni wachache, wakumbuke kwamba mtoto wao aliyeshuka tambarare wakati wa kilimo hana mazoea na malaria. Homa yake ya kwanza inaweza kuwa kali kuliko ya mtoto wa bondeni.

Mabishano ya leo

Waandishi na wanafunzi walibishana mbele ya mtoto anayeteseka, na mabishano hayo hayajaisha. Leo yanafanyika sebuleni. Baba yuko safarini na simu yake haipatikani. Bibi anasema degedege hili analijua. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo wengine wanasema mjomba angojewe. Mwingine anasema apelekwe kwanza kwenye maombezi. Nauli haipo, mvua ya masika imeharibu njia, na zahanati iko bondeni. Kila mmoja anayesema anampenda mtoto. Saa zinakwenda.

Jumuiya zetu ndogondogo zinaweza kuyamaliza mabishano hayo kabla hayajaanza. Familia zikubaliane mapema, watoto wakiwa wazima, kwamba dalili ya hatari ikionekana, mtu mzima yeyote aliyepo anayo ruhusa ya kuondoka na mtoto. Mjomba na baba wataarifiwa njiani. Jumuiya iweke akiba ndogo ya nauli, na iwe na namba ya dereva wa bodaboda anayekubali kuamshwa usiku. Kina mama wa WAWATA wanaotembelea wagonjwa wanaweza kuhesabu pumzi za mtoto kama wanavyohesabu mafungu ya rozari.

Je, sala ina nafasi gani? Nafasi kubwa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anamfundisha mgonjwa kumwomba Mungu, na papo hapo anamwambia ampe daktari nafasi yake, kwa kuwa naye aliumbwa na Mungu. Hakuona haja ya kuchagua moja. Mama anaweza kusali mtoto akiwa mgongoni na miguu ikiwa njiani. Baba yule wa Injili alikuwa na imani iliyochanganyika na mashaka, naye alilikiri hilo kwa machozi. Hata hivyo alikuwa amemtoa mwanawe nyumbani na kumleta. Wanafunzi waliposhindwa, hakurudi nyumbani kungoja.

Binti wa Yairo alipofufuliwa, kama tunavyosoma katika Marko sura ya 5, Yesu aliagiza apewe chakula. Mtoto aliyetoka hospitali anahitaji hivyo hivyo: uji, maharage, mboga na matunda ya mlimani kwetu, mlo mmoja wa ziada kila siku hadi arudishe nguvu, dawa zake amalize hata kama anacheza, chandarua kifungwe jioni, na kadi yake ya kliniki ionekane tena tarehe iliyoandikwa.